Mpanda Farasi Mwenye Kikombe Ananitia Mashaka

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu wote, na walio wakubwa kwangu shikamooni. Nimemwomba mwenye gazeti afiche jina langu na la ukoo wangu, kwa sababu huku Meru maneno yanatembea, na misheni wakijua kwamba nakaa mbele ya karata za ramli, kanisani sitaingia tena.

Mimi ni mjane. Miaka yangu siijui sawasawa, ila nilikuwa msichana mdogo Wadachi, yaani Wajerumani, walipojenga boma lao Arusha. Nina binti mmoja, ndiyo kwanza meno ya utoto yanaanza kumtoka. Baba yake alikufa kwa homa akiwa safarini na mizigo ya watu, na tangu hapo mdogo wake anataka kunirithi. Simtaki. Ana wake wawili, na wote nimewaona na macho yaliyovimba. Kwa hiyo nafua na kupiga pasi kwa bibi mmoja wa Kidachi, mwenye shamba la kahawa karibu na mto Usa, ili nisimwombe shemeji hata chumvi.

Bibi huyu akishakunywa chai ya mchana huniita niketi mkekani, anipangie karata. Zenye namba, anasema, ni mambo yatakayotokea. Lakini zenye picha za watu, yaani mfalme, malkia, mpanda farasi na kijana mtumishi, hizo ni watu wa kweli, na kazi ya msomaji ni kumtambua mtu mwenyewe. Mara nyingine, anasema, aliye pichani ni wewe uliyeuliza. Hapo ndipo ninapoanza kumtilia shaka, maana karata inayoweza kuwa mtu yeyote haina tofauti na umbea.

Jumapili moja alikuja Maganga. Ni Mnyamwezi, anatunza farasi wa Mgiriki ng'ambo ya mto, mpole, mcheshi, na siwafichi, nampenda. Alikuja juu ya farasi wa bwana wake, kibuyu cha pombe ya ndizi mkononi, mpaka mbele ya nyumba ya bibi. Akaniposa palepale.

Wenzangu wa Meru mmeshashtuka. Kwetu mwanamume habebi pombe yake ya posa. Hubebwa na wazee wa ukoo wake, na wao ndio wanaosema. Anayebeba mwenyewe, ama hana watu, ama watu wake hawamtaki.

"Wazee wako wako wapi?" nikamwuliza.

"Unyamwezi, mwendo wa miezi," akacheka. "Ulitaka nimtume nani, nyumbu?"

Nilicheka, lakini lilinikaa rohoni. Kesho yake bibi akapanga karata, na ya kwanza kutoka ikawa ni kijana juu ya farasi, amenyoosha mkono wenye kikombe.

"Huyu mwanamume anakuja na mapenzi," bibi akasema. "Lakini ameanguka kichwa chini. Maneno matamu, moyo hapana."

"Bibi, kwangu mimi amesimama wima."

"Karata nasoma mimi. Wewe hapana."

Kweli tulikuwa tumekaa tukitazamana. Sasa nani alikuwa upande ulio sawa? Siku iliyofuata nikaomba anipangie tena, na safari hii niliangalia vidole vyake. Aliinua ya juu, akaichungulia, akairudisha, kisha akachomoa nyingine chini ya rundo. Mpanda farasi yuleyule, kichwa chini.

Kwa hiyo anachagua. Lakini kwa nini? Kola za mumewe hakuna anayezinyoosha kama mimi, na nikiolewa ng'ambo nimeondoka. Hilo ni moja. La pili linaniumiza zaidi: mumewe hushinda kwa yule Mgiriki, na huenda amesikia jambo juu ya Maganga ambalo bibi anaona haya kulisema kwa mdomo wake. Anayenidanganya ni nani, anayetaka kunibakiza au anayetaka kunichukua?

Shemeji naye alipopata habari alikuja hadi kwenye kamba ya nguo. "Shemeji, nenda ukitaka," akaniambia taratibu. "Mtoto ni wa ukoo. Walete wazee wa huyo Mnyamwezi tuzungumze juu yake. Hana? Basi hakuna wa kuzungumza naye."

Nilimweleza Maganga yote. Akasema tuondoke na mtoto bila shemeji kujua, tupite njia ya Moshi, tusirudi. Mtu mwenye mapenzi ya kweli angesema hivyo. Na mtu anayekwenda kutuuza mimi na mwanangu mahali nisikojulikana, naye angesema hivyohivyo.

Anakuja Jumapili kuchukua jibu. Nikibaki, nitarithiwa. Nikienda peke yangu, mwanangu atalelewa kwenye nyumba ile ya macho yaliyovimba. Nikienda naye, nimemweka mikononi mwa mtu nisiyewajua hata wazazi wake.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nijibuni upesi, maana jana nilimkuta binti yangu amekaa mlangoni amevaa nguo yake ya kanisani. Nikamwuliza anakwenda wapi, akaniambia anamsubiri baba mwenye farasi.