Chupa Ambayo Wacera Alikataa Kuuza

Wacera aliuza dawa za mifugo katika duka langu pale Othaya kwa miaka ishirini na mitatu, na katika mwaka wake wa kwanza, 1971, nusura nimfukuze. Siku hiyo Ngatia, mkulima mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa, aliingia akihema, noti mkononi.

"Nipe dawa ya homa ya kupe, ile chupa kubwa! Ng'ombe yangu inakufa."

Mimi nilikuwa nimeshaishika chupa. Wacera akamuuliza, "Tumbo imefura, baba? Upande gani?"

"Kushoto. Imekuwa ngumu kama ngoma."

"Ilikula nini?"

"Majani ya viazi tamu, asubuhi, na umande yake."

Wacera akaninyang'anya chupa na kuirudisha kwenye rafu. "Hiyo si homa, ni gesi. Hii dawa haiwezi saidia. Kimbia uinyweshe mafuta ya kupika, uisimamishe kwa mteremko, kichwa ikiangalia juu. Lakini sikudanganyi, baba. Umechelewa. Inaweza kufa."

"Ati unaninyima dawa? Ikikufa, ni wewe umeiua!" Ngatia akatoka mbio.

Nilimfokea Wacera. Mteja anakuja na pesa mkononi, nawe unamtuma jikoni kwake! Nikamwambia wazi kwamba ng'ombe huyo akifa, kazi yake nayo imekwisha. Akajibu, "Sawa, mzee." Ujeuri gani huo! Lakini siku tatu zilizofuata, kila alipopima chumvi ya ng'ombe, alisahau uzito akaanza upya.

Siku ya nne Ngatia akarudi. Ng'ombe alikuwa amekufa kabla hata yeye hajafika nyumbani. Niliogopa sana kwa ajili ya jina la duka langu, nikaanza kuomba radhi huku nikimnyooshea Wacera kidole. Ngatia hakunitazama.

"Tulipopasua tumbo," akamwambia Wacera, "tuliona ni vile ulisema. Sasa imebaki ndama yake ya wiki mbili. Niipe dawa gani?"

"Hakuna dawa, baba. Tafuta maziwa kwa jirani."

Ngatia akashukuru, akaondoka bila kununua kitu. Nilifungua mdomo nimwite. Wacera akanikazia macho, nikaufunga.

Siku ya soko iliyofuata, wakulima wanane walipanga foleni mbele ya Wacera, kila mmoja na ugonjwa wa mnyama wake. Mimi mwenye duka nilisimama kando, na hakuna aliyeniuliza hata bei.