Kwa Nini Mama Hayuko Kwenye Picha za Kifaru

Wengi mmeuliza kwenye grupu ya familia: mbona Mama hayuko kwenye picha za kifaru? Safari ilikuwa yake, na hata picha moja hayumo. Nimenyamaza mpaka nimechoka. Leo naandika yote, toka mwanzo, na atakayenitukana ana haki.

Kilichotutoa nyumbani ni macho yake. Mnajua ana presha ya macho. Jicho la kulia lilishazima, na la kushoto daktari alisema hawezi kuahidi kwamba litabaki. Mama hakulia. Alisema tu, "Kabla hili lingine halijafunga, nataka kuona kifaru." Baba yake alichunga ng'ombe wa mzungu kule Ndabibi, na alikuwa akiwasimulia jinsi kifaru alivyomkimbiza mpaka akalala juu ya mti. Mama amelima viazi Mau Narok maisha yake yote, mbuga ya Nakuru iko hapo chini tu, na hajawahi kuingia. Msimcheke. Mimi naishi Lanet miaka kumi na moja, fensi ya mbuga naipita nikienda kazini, na nilikuwa sijaingia pia.

Basi nikapanga. Mnanijua kwa kupanga. Nikafungua daftari: tufike geti likifunguliwa, kwa sababu jua likikolea wanyama hujificha, sweta, maji, darubini ya kuazima, chakula kifungwe vizuri, nyani hawana adabu, kila mtu abebe kitambulisho. Hilo la mwisho nililipigia mstari mara mbili, maana bila kitambulisho unahesabiwa mgeni kutoka nje, na kiingilio cha wageni mfuko wangu haukiwezi. Kaka wa mke wangu, Shemeji Kamau wa Milimani, mtaa wa matajiri, akajitolea gari lake, yeye na mkewe. Mtu wa Milimani kuja kunichukua mlangoni kwangu! Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunivurugika.

Ijumaa jioni Mama alishuka kutoka Mau Narok na kiondo chake. Mnakijua. Kimefifia rangi, mkanda umeshonwa kwa kamba ya gunia, kinanuka moshi wa jikoni. Akalala kwangu.

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu asubuhi, gari likapiga honi. Mama akatoka chumbani na nguo yake ya kanisa, kiondo begani.

"Mama, hicho kiache."

"Kiondo changu?"

"Tunaenda na watu, Mama. Gari la wenyewe ni safi. Kila kitu nimepanga."

"Lakini kuna vitu vyangu ndani."

"Vitu gani, viazi? Wacha, tunachelewa."

Nikakitoa begani mwake kwa mkono wangu huu, nikakiweka nyuma ya mlango. Hakubishana. Njeri, mke wangu, aliniangalia. Mama aliingia garini mikono mitupu, akaikunja mapajani, na nilimwona hajui aiweke wapi.

Njiani alikuwa na furaha. Alikaa dirishani, akimuuliza Shemeji maswali.

"Kifaru ana pembe moja au mbili?"

"Mbili, Mum. Utaziona leo."

Saa kumi na mbili juu ya alama tulikuwa getini. Askari alikuwa kijana mpole. "Niaje, boss? Karibuni. Vitambulisho, tafadhali." Vikatoka vinne. "Na cha shosho, huyu bibi yetu?"

Ala! Mama hajawahi kuwa na pochi. Chochote chake kinakaa kiondoni, na kitambulisho chake hukifunga kwa leso chini kabisa. Na mimi, mwanawe, bwana mipango, najua hivyo tangu utoto.

"Bila kitambulisho, mashine inamhesabu mgeni kutoka nje," askari akasema.

Mama akacheka. "Mgeni? Mimi nimezaliwa Ndabibi hapo!"

"Nakuamini, shosho. Lakini mashine haijui sura. Kama nyumbani si mbali, rudini mkichukue."

Shemeji akaangalia saa. "Lanet, kwenda na kurudi, jua litakuwa limewaka. Kwani kimeachwaje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: mimi ndiye niliyemkataza. Nikaangalia viatu vyangu. Ndipo Mama akajibu, "Nimesahau mwenyewe. Uzee, mwanangu. Nendeni, nitakaa na huyu kijana."

"Basi turudi Lanet," Njeri akasema.

Nikasema, "Mama amesema yuko sawa."

Haki, nilisema hivyo. Tukamwacha kwenye benchi, tukaingia.

Ndani mbuga ni nzuri, sitawadanganya. Migunga ya manjano imejaa, nyati wamelala barabarani kana kwamba ni yao, na maji ya ziwa yamepanda hadi miti mingine imekufa imesimama. Saa mbili tukampata kifaru. Alikuwa karibu, matope yamemkaukia mgongoni, anakula nyasi taratibu kama ng'ombe yeyote. Pembe mbili. Shemeji akasema nisimame kwenye tundu la paa, yeye apige picha na kifaru nyuma yangu. Nikatabasamu. Picha ndiyo hiyo mliyoipenda na kuiwekea mioyo. Wakati ule nilikuwa nataka ardhi ipasuke.

Saa sita mchana tulitoka. Mama alikuwa pale pale, koti la askari mabegani, kikombe cha chai mkononi, akimfundisha kijana wa watu jinsi ya kuhifadhi mbegu za viazi.

"Mmemwona?"

"Tumemwona, Mama."

"Na pembe ni mbili kweli?"

"Mbili."

"Basi baba hakutudanganya," akasema, akamrudishia askari koti lake.

Saa saba tulifika Lanet. Mama alienda moja kwa moja nyuma ya mlango. Kutoka kiondoni akatoa chapati zilizofungwa kwa kitambaa, viazi vya kuchemsha, na mayai matano, moja kwa kila aliyekuwa garini. Alikuwa ameamka kupika kabla yetu sote. Mke wa Shemeji akala viazi vitatu. "Mum! Na vile chakula chetu kiliisha mapema kule! Mbona hukubeba?"

"Nilisahau, mwanangu."

Mara ya pili siku hiyo. Yai langu nikaliweka chini.

Jumapili nilimrudisha Mau Narok. Tulipoanza kupanda mlima nikasema, "Mama, nisamehe kwa kiondo." Akageukia dirisha, akatazama mashamba ya ngano.

"Nikija kukuona shule ya bweni," akasema, "ulikuwa ukikimbilia nini kabla hata hujanisalimia?"

"Kiondo."

"Mbele ya wenzako wote. Hukuwa na aibu. Sasa aibu ilianza lini?"

Husemwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na wote wawili nikafeli. Nilichojifunza ni kwamba niliogopa macho ya Shemeji kuliko nilivyoyahurumia macho ya mama yangu.

Nikamwomba twende tena, haraka, jicho la kushoto likiwa bado linatungoja.

"Nitaenda," akasema. "Lakini kiondo utakibeba wewe."

"Mimi? Katikati ya mji?"

"Wewe. Katikati ya mji."

Tunaenda Jumamosi hii. Shemeji, karibu, na sasa unajua ni nani aliyesahau. Ninyi wengine, mkiona mwanamume mzima anapita Nakuru na kiondo cha kamba ya gunia begani, nyuma yake mama mzee mikono mitupu, nisalimieni kwa jina, kwa sauti, watu wasikie.