Sauti Iliyobaki Nje ya Mlango

Msiniulize kama bado naimba. Enzi za santuri nilikuwa mwimbaji wa bendi moja ya Shinyanga, na sauti nilikuwa nayo. Akili ndiyo iliyopungua.

Tulipokuwa tunajiandaa kurekodi santuri yetu ndefu, nilimwahidi baba mkwe, mfugaji wa Masumbwe, kwamba nitamtaja katika wimbo wa mwisho. Kwetu anayetajwa humtuza mwimbaji, basi mzee akanipa ndama kabla hajasikia hata ubeti mmoja.

Siku ya kurekodi, studioni kulikuwa na maikrofoni moja kwa bendi nzima. Nilipoanza kumsifu mzee, ng'ombe wake na wake zake watatu, fundi mitambo akasema, "Kaka, rudi nyuma kidogo." Nikajua sauti yangu inaielemea mashine. Mara ya pili akanisogeza hadi mlangoni, kichwa kikavimba. Mara ya tatu akanitoa nje kabisa, akafunga mlango. Jamani, nilijiona simba! Nikaimba uani hadi kuku wakatawanyika, magitaa yakiitikia ndani.

Santuri ilipotoka, nikaipeleka Masumbwe pamoja na gramafoni ya kuazima. Ukoo mzima ukakusanyika, mama mkwe akapiga vigelegele. Wimbo wa mwisho ukaanza: gitaa, saksafoni, tumba, gitaa tena, hadi sindano ikabaki inakwaruza.

Baba mkwe akakohoa.

"Mkwe wangu," akauliza kwa upole, "jina langu limetajwa na gitaa lipi?"