Mkorosho Usio na Mwenyewe

Dominika, ambaye Newala nzima inamwita Mama Isaka, alipanda huku mwaka tisini na saba juu ya lori la mahindi, na sanduku la bati na cheti cha kupiga chapa. Kabla ya hapo alikuwa akiwachapia watu barua pale Mkomaindo, Masasi, kwenye kibanda karibu na hospitali. Nilimjua tangu huko, nilipokuwa nikishuka kununua bidhaa za duka langu. Hakupunguza bei hata kwa shangazi yake, na kwa hilo nilimheshimu.

Kazi iliyomleta haikuwa na jina la Kiswahili. Mradi mmoja wa mikorosho ulikuwa umefungua ofisi nyuma ya soko, nao ulikuwa na programu ya kompyuta iliyotengenezwa mbali. Unaonyesha shamba lako, programu inakuoteshea mikorosho kwenye kioo. Ukibonyeza, mwaka unapita. Matawi yanatanuka, yanagusana, yanazibiana jua, na korosho zinapungua, maana mkorosho huzaa kwenye ncha zinazoliona jua. Hesabu zote zilikuwa tayari ndani. Kilichokosekana ni uso: mkulima aone picha gani, abonyeze wapi, asome neno gani. Dominika alijua mashine, na kwa kuwa alizaliwa Lisekese, kwenye mashamba ya Masasi, alijua pia mkulima anavyouliza jambo.

Mkuu wa mradi, Bwana Cuthbert, hakumzungusha.

"Mama Isaka, mikorosho ya hapa imesongamana. Tunataka watu wapunguze miti kwenye kioo, waone faida, ndipo wapunguze shambani. Baada ya mavuno wageni wanaotulipa wanakuja kutazama. Wakulima wasipobonyeza, nachukua uso mwingine kutoka nje, na wewe unarudi Masasi."

Arudi kwenye nini? Kibanda alikuwa amekiachia, na mashine ya chapa alikwisha kuiuza.

Alianza na maji. Akachora bomba, ukibonyeza mti unanywa. Wanawake waliokuja kujaribu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Bomba la Newala hili? Linatoa nini, upepo?"

Akalifuta, akaweka wingu la mvua. Akaweka jua, akaweka pampu ya kupulizia salfa, dawa ya ukungu, na mwisho shoka. Wingu walibonyeza. Jua walibonyeza. Shoka hakuligusa mtu.

Wa kwanza kulikataa alikuwa Mzee Jafari, mkulima wa siku nyingi, mtu wa kubishia hata salamu.

"Shikamoo, baba. Sasa bonyeza hapo kwenye shoka."

"Marahaba." Akauondoa mkono kwenye mausi ya kubonyezea kana kwamba imemuunguza. "Mkorosho wa nani huu?"

"Si wa mtu, baba. Wa kompyuta."

"Kompyuta ina mjomba?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Nauliza kweli. Nikishaukata, nani atakuja kunishitaki? Mkorosho usio na mwenyewe sijauona tangu nizaliwe."

Dominika alidhani tatizo ni picha. Akalikuza shoka, akalipaka rangi nyekundu. Ziada, jirani wa Mzee Jafari, mama mwenye ulimi wake, akalitazama. "Sasa lina damu," akasema, akaenda zake.

Kosa halikuwa la picha, na Dominika alipaswa kulijua. Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa watu waliiacha mikorosho yao ikawa pori. Walipokuja wanunuzi binafsi na bei ikanyanyuka, kila mtu akaukumbuka mti wake. Shamba likawa la huyu, na ndani yake miti miwili mitatu ya mpwa wa yule, maana huku mali hurithiwa kwa mjomba, na kesi zikajaa. Watu hao ndio aliowachorea shamba zima la miti yatima, akawakabidhi shoka.

Akaacha kompyuta, akamwomba Mzee Jafari amtembeze shambani. Mzee akawa anaonyesha kwa fimbo: huu wangu, huu wangu, ule wa Ziada, ule wa marehemu kaka yake Ziada. Matawi yalikuwa yameingiliana, chini giza mchana.

"Kwa nini usipunguze, baba?"

"Nikate wangu ili wa Ziada upate jua unenepe? Mimi punguani?"

Hapo akaelewa: hakuna atakayekata peke yake. Aliporudi ofisini aliandika jina la mwenyewe chini ya kila mti, na korosho za kila mtu akazionyesha kando. Programu ilikuwa ikiuhesabu kila mti peke yake tangu mwanzo, ila kwenye kioo ilionyesha jumla tu. Kisha akaondoa kiti kimoja mbele ya mashine, akaweka benchi la watu wawili. Shoka likawa halikati mpaka mwenye mti abonyeze mwenyewe.

Bwana Cuthbert akakunja uso. "Hii ni programu ya kilimo, Mama Isaka, si baraza la usuluhishi."

"Huku kilimo na baraza vinakaa shamba moja, bwana."

Siku ya wageni, Mzee Jafari na Ziada waliketi benchini kila mmoja ukingoni kwake. Miaka ikapita kwenye kioo, matawi yakafungana, korosho za wote wawili zikashuka.

"Ziada, ondoa huo wa katikati."

"Wa marehemu kaka yangu? Ondoa wewe huo wa pembeni, umezeeka kama mwenyewe."

"Mzee anazaa!"

"Nimeona anavyozaa. Kioo kinasema."

Mgeni mmoja akachungulia saa. Jenereta ikakohoa nje. Bwana Cuthbert akamkonyeza Dominika awahimize. Dominika akatulia, mikono mapajani. Yeyote aliyewahi kuuza kitu anajua hapo hasemi mtu: anayefungua mdomo kwanza ndiye anayeshusha bei.

Mzee Jafari akavuta pumzi. "Nikiukata, kuni zote zangu."

"Kwenye kioo hakuna kuni, Mzee Jafari!"

"Nasema shambani."

Ziada akafunga kanga yake upya, polepole.

"Kuni chukua. Na mimi natoa wangu wa kando ya njia. Wa kaka siugusi, wala usiutaje."

"Nani kautaja?" Mzee akabonyeza shoka. Mti wake ukaanguka, na kabla hajaachia mausi Ziada alikuwa ameinyakua, akabonyeza wake. Miaka ikapita tena, jua likashuka chini, korosho zikapanda pande zote mbili. Wakaanza kubishana za nani zimepanda zaidi.

Wageni hawakuwa wamefahamu maneno, ila waliona shoka likibonyezwa. Bwana Cuthbert akaagana nao, akarudi, akasema kwa kifupi, "Uso ubaki. Na wewe ubaki nao."

Shambani mambo hayakwenda haraka hivyo. Mzee Jafari alikata kwanza, Ziada akiwa amesimama pale kuhakikisha, ndipo naye akakata wake. Mti wa kaka bado upo katikati, umewasonga wote wawili, na kwenye kioo jina la marehemu lipo chini yake.

Wiki ile ya wageni Dominika alikuja dukani kwangu kununua pipa kubwa la kukingia maji ya mvua. Tulivutana bei mpaka adhuhuri, nami sikuona ubaya. Newala mtu hanunui pipa kama ana mpango wa kuondoka.