Buti za Mgeni wa Shangazi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipompeleka mgeni kwa Shangazi Mwanakheri, mtaani kwake Adelphi, huku ugenini. Mgeni huyo aliitwa Mutiso, Mkenya tuliyefahamiana kazini. Kesho yake kulikuwa na mashindano ya pikipiki za zamani huko Virginia, na mimi nilikuwa nimeteguka mkono. Pikipiki yangu ya Kiingereza, kuukuu kuliko mimi, niliyoifufua skrubu kwa skrubu, ilihitaji mtu wa kuiendesha. Mutiso akajitokeza kabla hata sijauliza.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Usinicheke, mimi hata chai ikiletwa kabla sijaagiza, huuliza imetoka kwa nani. Mbona huyu hakuwahi kutaja pikipiki mpaka aliposikia yangu inaenda uwanjani? Na mbona kila nilichosema alikuwa anakijua? Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako, huyu akishaipanda ndiyo basi tena, siioni. Lakini sikumuuliza, maana nilitamani mno iende mbio. Nikampeleka kwa Shangazi, eti tunywe chai.

Kwetu watu wa Tanga, hapiti mtu mlangoni na viatu. Mutiso akavua buti zake, akaamkia, akakaa, akaanza kusimulia mashindano aliyoshinda Machakos.

"Hizi za Mwingereza nimezi-ride tangu high school, mama. Ziko kwa damu."

Shangazi aliinuka na goti lake bovu, akaenda mlangoni, akaokota buti ya kushoto, kisha ya kulia, akazigeuzageuza kama anayenunua samaki. Niliona haya. Shangazi ana mambo, nilijua, lakini kuchunguza viatu vya mgeni!

"Marehemu mume wangu alikuwa na tukutuku, pikipiki kama hiyo ya Kiingereza," alisema. "Kila Ijumaa nilimpigia viatu brashi, na kila Ijumaa ni cha kulia ndicho kilichochubuka juu ya vidole, maana gia zake ziko kulia, hupandishwa kwa vidole. Wewe baba, kilichochubuka ni cha kushoto. Hebu niambie, breki utaikanyaga kwa mguu upi?"

Mguu wa kulia wa Mutiso ukacheza chini ya meza kabla mdomo haujafunguka. Niliuona. Nikamwazia kwenye kona, yuko kasi, anatafuta breki pale zilipo gia.

"Nimeendesha za Kijapani tu," alisema mwishowe. "Niliogopa nikisema ukweli hamtanipa."

"Mwongo, lakini si mwizi," Shangazi akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Hamisi, ulimshuku ukanyamaza, ukaniletea mimi nimkague. Ungemzika na shaka yako ingali mdomoni."

Nilitamani sakafu inimeze.

Pikipiki haikwenda Virginia. Baadaye nilimfundisha Mutiso pole pole, kwenye maegesho ya magari nyuma ya nyumba, na tulipomaliza nilifunga mnyororo, ufunguo nikalala nao. Sisemi niligeuka malaika.

Shangazi alipofariki, viatu vilijaa mlangoni pake hadi ukumbini. Nikitafuta vyangu, nikaona buti kuukuu, ya kulia imechubuka juu ya vidole. Nikaishika nikalia, na mwenyewe, Mutiso, yumo ndani anasaidia kupakua wali.

Basi mwanangu, sikukatazi kushuku. Ugenini asiyeshuku huliwa mchana kweupe. Lakini kuuliza si ujinga. Ukimtilia mtu shaka, muulize ana kwa ana kabla hajapanda, maana shaka unayoificha haikulindi wewe, na yeye inaweza kumuua. Mungu akujalie jicho la Shangazi Mwanakheri, na zaidi ya jicho, akujalie ulimi wake. Amina.