Jiwe Chini ya Mrehani wa Walahiri

Mimi ni Germana, binti wa Thomasi fundi mawe, wa Endamarariek. Kuandika nilifundishwa ngumbaru, nikiwa tayari na watoto wanne. Ninachoandika hapa nimekiona mwenyewe.

Ukoo wa Lahiri, majirani zetu, ni Wabengali. Watu waliwaita Wahindi tu, nao walichukia. Harinath, mkubwa wao, alikuja kama karani wa wapima ardhi, akanunua shamba la kahawa kwa Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Kule Bengali walikuwa mabwana. Wakulima wa vijiji saba walilima ardhi yao na kuwaletea sehemu ya mavuno. Kisha mto ukahama njia, ukala mashamba, ukala na nyumba ya mababu. Mama yake Harinath alikuja huku na mbegu za mrehani kwenye pindo la nguo. Shamba wakaliita Sonapuri, jina la ile nyumba iliyoliwa. Mtu aliyepoteza ardhi anajua uchungu wake, ndiyo maana nasema aliyotutendea Harinath aliyafanya kwa kusudi.

Shamba la baba lilikuwa chini ya nyumba yao, hadi kijitoni. Kati ya nyumba yao na shamba letu palikuwa na bikoni, jiwe la mpaka lenye namba. Nilipokuwa na miaka tisa, Harinath alimwita baba ajenge kijukwaa cha mawe cha kupandia mrehani, maana kwao unaabudiwa. Yule bibi kizee aliumwagia maji na kuuwashia taa kila siku. Harinath akamwonyesha baba pa kujenga: juu ya bikoni. Baba alipouliza, akaambiwa mama anapapenda pale, na mpaka majirani wote tunaujua. Baba akajenga. Mawe nilimsogezea mimi.

Mwaka uliofuata nyumba yao ikaongezwa baraza, likaingia kwetu. Kahawa ikapandwa kwenye mahindi yetu, hata juu ya kaburi la mama yangu. Jiwe jipya likaonekana kijitoni. Baba akaleta afisa wa kikoloni, naye akasema kijukwaa kivunjwe tuone. Harinath hakubisha. Alimtoa mama yake nje, akamkalisha chini, kizee akaukumbatia mrehani.

"Fundi, nyundo unayo," alimwambia baba. "Vunja mungu wa mama yangu."

Baba akaweka nyundo chini. Alisema dini ya mtu haivunjwi. Afisa akaondoka, shamba likabaki kwao. Alikuwa Mkristo mzuri mno. Akafa kibarua, akichuma kahawa juu ya mke wake. Mimi sijawahi kuwa mzuri hivyo.

Niliingia nyumba ile msichana, nikatumika miaka arobaini na moja. Nilipika samaki wao kwa haradali, nikalea watoto wao. Kumwagilia mrehani niliomba mwenyewe. Kila ulipokufa, nilipanda mwingine, maana ulinilindia jiwe langu. Walisema Germana ana imani kuliko wao.

Mwaka jana akaja Anirban, mjukuu wa Harinath, anayekaa Uingereza. Huyo nimembeba mgongoni. Wazazi wake wamekufa, akataka kuwauzia Sonapuri watu wa hoteli, wale wanaopeleka wageni kreta kutazama wanyama. Mpimaji, kijana Valeriani, akazunguka siku mbili, akasema jiwe la kijitoni halina namba, silo lililo kwenye ramani. Ndipo Anirban akaja kwangu na kilo mbili za sukari.

"Bibi, wewe ndiye mzee uliyebaki. Njoo uwaonyeshe mpaka."

Nilimwambia amwite mwenyekiti wa kijiji na majirani, kwa kuwa sitasema mara mbili. Nikaitia nyundo ya baba kikapuni. Jirani yangu Laurencia akaiona, akauliza kama naenda kuponda karanga. Nikasema ndiyo, za Kibengali.

Walisimama kijitoni wakinisubiri. Mimi nikawapita, nikapanda kuelekea nyumba.

"Bibi, umepita," Anirban akasema.

"Sijapita. Mliopita ni ninyi."

Kando ya baraza nikaung'oa mrehani na udongo wake. Anirban akanishika mkono, akasema huo ni wa mababu zake. Nikamwekea mikononi.

"Baba yangu aliuheshimu, akafa kibarua," nikamwambia. "Haya, ushike wewe."

Nikapiga. Saruji ya baba ilikuwa nzuri, bega likafa ganzi, Valeriani akanipokea nyundo. Jiwe likatoka na namba yake. Akaisoma mara mbili, akavuta kamba: kahawa yote ya chini, baraza na ngazi za mbele, vyote kwetu. Mwenyekiti akaandika, watu wakaweka sahihi. Mimi niliandika jina langu lote.

Mnunuzi hakurudi. Anirban alirudi. Aliomba nimwachie walau baraza, akanikumbusha kuwa nilimlisha wali kwa mkono huu. Nikasema ni kweli, alikuwa anamaliza sahani.

"Kule mliliwa na mto," nikamwambia. "Huku mto ni mimi."

Miche iliyokuwa juu ya mama niliing'oa kwa mikono, nikasimika msalaba. Mvua za Machi nikapanda ua wa minyaa mstari mzima wa mpaka, ukafika ukutani kabisa mwa nyumba, pande zote mbili za baraza. Padre ameniambia nisamehe. Nimemjibu nitalifikiria minyaa ikishafunga.

Mlango wa mbele sasa uko kwangu. Anirban anaingia kwa mlango wa jikoni, ule nilioingilia mimi miaka yangu yote. Ni mfupi. Mtu mrefu kama yeye lazima ainame.