Siku Niliyolipiga Jiwe Teke Kule Lurujo

Jamani, hii habari naona haya hata kuisimulia, lakini acheni niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Koboko, maana wale kwa kutia chumvi hawajambo.

Mimi ni fundi wa breki hapa Oli, Arua. Taban aliniletea gari lake nibadilishe diski za nyuma, ampeleke mama yake, Hajati, kwao Lurujo, kule Koboko, kula Idi. Sasa breki ya mkono ya gari lile imekaa ndani ya diski hizo, na ili zitoke lazima ulegeze kigurudumu kidogo cha meno, halafu ukifunga mpya unakikaza tena polepole, unazungusha, unasikiliza (mimi na subira wapi na wapi!). Nikakaza waya tu, mkono wa breki ukawa mgumu, nikasema basi, kwani huku nani anaitegemea? Kila gari linaegeshwa na jiwe nyuma ya gurudumu.

Taban akafurahi, akanichukua niende nao kula pilau. Kufika, akaegesha kwenye mteremko mbele ya nyumba, akashuka akaweka jiwe lake, na wajomba zake wakaanza kunitania: "Fundi, breki iko mpya, na jiwe bado iko?" Kichwa kikavimba. Nikaingia, nikatoa gia, nikavuta breki ya mkono, nikashuka, nikalipiga lile jiwe teke mbele ya wageni wote. (Hajati alikuwa bado kiti cha nyuma, anangoja kushikwa mkono, magoti yanamsumbua.)

Gari likatulia. Nikatabasamu. Halafu nikasikia kitu kinasaga, na uso wa Hajati kwenye dirisha ukaanza kuniacha.

Mungu wangu! Chini kule ni barabara ya malori. Nikabaki napiga kelele "Simama! Simama!" kama vile gari lina masikio, ndipo nikakimbia, ndala moja huku, nyingine kule, nikashika mlango ukaniponyoka, na suruali yangu (hiyo siisemi). Gari likagonga kichuguu, likasimama hatua chache tu kabla ya lami.

Taban akafungua mlango analia. Hajati alikuwa mzima, tasbihi mkononi. Akaniangalia mimi.

"Mwanangu, hii kazi ulifanya yote?"

Nikasema, "Hapana yote, Mama."

"Basi enda leta jiwe yako."

Nikapanda mteremko ule peku, macho yote juu yangu, nikalibeba. Na siku ile tulirudi Arua nimekaa kando ya Hajati, jiwe mapajani njia nzima.

Siku hizi nikimaliza gari nalipeleka kwenye mteremko, natoa gia, navuta breki ya mkono, siweki jiwe. Halafu nakaa kiti cha nyuma, palepale alipokaa yeye, nangoja. Gari haliendi popote, lakini nahesabu mpaka mia kabla ya kushuka.